Habari za Msako wa Barabarani

Kila mwaka, siku za kufunga shule zikaribiapo, magazeti yetu huleta habari ya aina moja. Juu yake pana picha: askari ameinama mbele ya gurudumu la matatu, dereva amesimama kando na karatasi mkononi, na nyuma yao abiria wameketi juu ya mizigo yao majanini. Karibu na picha pana kichwa cha habari chenye herufi kubwa, na ndani ya kichwa hicho pana hesabu: magari kadha wa kadha yamekamatwa. Bila shaka, msomaji, umekwisha kuiona habari hiyo. Huenda uliisoma hali nauli yako ya kurudi nyumbani i tayari mfukoni, na sanduku lako limekwisha kufungwa. Ikiwa ndivyo, basi habari ile ilikuhusu wewe kuliko ilivyomhusu mkuu wa polisi aliyetajwa ndani yake.

Nataka tuihakiki habari hiyo pamoja. Labda utashangaa, kwa sababu umezoea kusikia uhakiki ukitajwa katika somo la mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza. Lakini kuhakiki ni kupima jambo ili kujua ukweli wake na thamani yake, wala hakuna maandishi yastahiliyo kupimwa kuliko yale tuyaaminiyo bila kufikiri. Shairi baya hukupotezea saa moja. Habari pungufu yaweza kukupandisha katika gari ambalo, kama ungalijua, usingalipanda.

Ili tusimwonee mwandishi yeyote wala gazeti lolote, na tutunge habari yetu wenyewe, ya mfano tu, kwa namna iliyozoeleka. Habari yenyewe ni hii: "Magari 60 yakamatwa. Polisi walifanya msako mkali jana katika barabara kuu, wakayakamata magari 60 ya abiria. Mkuu wa polisi alisema kwamba msako utaendelea, na kwamba dereva yeyote avunjaye sheria hatahurumiwa. Abiria wengi walikwama njiani, na nauli zikapanda maradufu." Habari imekwisha.

Isome tena polepole. Hamna uongo ndani yake. Kila neno laweza kuwa kweli, na mwandishi aweza kuapa kwamba aliyaona hayo kwa macho yake. Hata hivyo, ukiulizwa ni jambo gani ulilolijua baada ya kuisoma ambalo hukulijua kabla, utapata shida kujibu. Umejua kwamba magari yalikamatwa. Je, umejua kama barabara ile ni salama au si salama? Je, umejua kama matatu utakayoipanda kesho ina breki? Hapo ndipo uhakiki wetu uanzapo.

Swali la kwanza ni la hesabu, nalo ni jepesi. Magari 60 yalikamatwa kati ya magari mangapi? Ikiwa polisi waliyasimamisha magari 80, basi magari matatu katika kila manne yalikuwa na makosa, na hiyo ni hatari kubwa ya kumfanya mzazi amzuie mtoto wake asisafiri. Ikiwa waliyasimamisha magari 1,200, basi gari moja tu katika kila 20 lilikuwa na kosa, nalo ni jambo la kutazamwa lakini si la kutia hofu namna ile. Hesabu ya kichwa cha habari ni ile ile, 60, lakini maana zake ni mbili zisizofanana kabisa. Gazeti lililotupa 60 peke yake limetupa nusu ya hesabu, na nusu ya hesabu haijibu swali lolote.

Swali la pili ni hili: magari hayo yalichaguliwaje? Mtu akichagua chuya katika sinia la mchele, kisha akakuonyesha kiganja chake kilichojaa chuya, hutasema kwamba mchele wote ni chuya. Utajua kwamba alizitafuta. Vivyo hivyo askari mzoefu hasimamishi kila gari. Huliangalia lile lililoinama upande mmoja, lile litoalo moshi mweusi, na lile lililojaza watu mpaka mlangoni. Hafanyi vibaya, kwa maana kazi yake ni kuitafuta hatari. Lakini mwandishi akiyahesabu magari yaliyotafutwa hivyo, kisha akasema kwamba ndiyo hali ya magari yote ya nchi, amemdanganya msomaji pasipo kukusudia. Na kama askari walisimamisha kila gari la 10 bila kuchagua, hilo nalo latupasa tuambiwe, kwa sababu hesabu ya namna hiyo ndiyo iwezayo kutuonyesha hali ya barabara nzima.

Usidhani kwamba mtego huu uko kwetu peke yetu. Huko Uingereza, wakati wa likizo za kiangazi, watu wengi hufunga nyuma ya motokaa zao nyumba ndogo za magurudumu waziitazo karavani, wakazikokota mpaka pwani au milimani. Katika England karavani ya kukokotwa hailazimishwi na sheria kupata ukaguzi wa kila mwaka kama ule ulazimishwao motokaa iliyoikokota. Kwa hiyo polisi na wakaguzi wanapozisimamisha kando ya njia, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kwa jicho la serikali kuzitazama. Habari za siku kama hiyo zaweza kuandikwa kwa namna mbili. Namna moja ni kuhesabu walioshindwa na kuwacheka. Namna ya pili ni kumweleza msomaji kosa lilikuwa nini: kwamba tairi za karavani huharibika kwa uzee, ijapokuwa meno yake hayajalika, kwa sababu karavani hukaa miezi mingi bila kutembea; na kwamba mizigo iliyopangwa vibaya huifanya iyumbe nyuma ya motokaa, hata iweze kuipindua. Aliyesoma habari ya kwanza amepata kicheko. Aliyesoma ya pili ametoka nje akaitazama karavani yake mwenyewe.

Tofauti hiyo yatuleta kwenye swali la tatu, nalo latuhusu sana sisi wa hapa Kenya. Magari 60 yalikamatwa kwa makosa gani? Neno "makosa" ni kapu kubwa litiwalo kila kitu. Ndani yake mna dereva aliyesahau sare yake, na mna dereva ambaye breki zake hazishiki. Mna gari lisilo na mstari wa manjano ubavuni, na mna gari ambalo kidhibiti mwendo chake kimechezewa ili lipite kilomita 80 kwa saa. Sisemi kwamba karatasi na sare ni mambo ya upuuzi. Leseni ni ushahidi kwamba mtu alijaribiwa akafaulu, na bima ndiyo imlipayo aliyeumia. Lakini kosa la sare haliui mtu mtelemkoni, na kosa la breki laua. Gazeti likiyachanganya yote mawili katika hesabu moja, msomaji hawezi kujua kama msako ule uliokoa maisha au ulikusanya faini tu.

Swali la nne ni swali la siku ya pili. Magari yale yaliishia wapi? Je, yalitengenezwa? Je, madereva walihukumiwa, au kesi zilifutwa? Au mambo yalimalizwa pale pale kando ya njia kwa kile ambacho kila Mkenya akijua kwa jina la kitu kidogo? Habari ya msako huandikwa siku ya msako, kwa sababu siku hiyo pana askari, kelele na picha. Siku gari lile lile linaporudi barabarani na tairi zile zile, hapana picha. Kwa hiyo twasoma mwanzo wa hadithi mara nyingi, na mwisho wake twausoma mara chache sana. Katika somo la fasihi, mtungaji akituletea hadithi isiyo na mwisho, tungalimrudishia daftari lake.

Ili usione kwamba nasema kwa kukisia, na tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 2003 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, alitangaza kanuni za magari ya abiria ambazo watu waliziita kwa jina lake. Kila abiria awe na kiti chake na ukanda wake wa usalama; kila gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa; dereva na kondakta wavae sare; na mstari wa manjano upakwe ubavuni mwa gari. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Magari mengi ambayo hayakuwa tayari hayakutoka, na watu wengi walikwenda kazini kwa miguu. Magazeti yaliandika kwa wingi juu ya siku hizo, na haki yao ni kusifiwa, kwa sababu mtu wa kawaida alijua kanuni zile nini, na akajua kwamba ukanda ni haki yake.

Sasa ruka miaka 14. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi likielekea magharibi lilianguka karibu na Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Novemba, serikali ilianza msako katika nchi nzima. Magari yakatoweka vituoni, nauli zikapanda, watu wakatembea, na magazeti yakatangaza kwamba kanuni za Michuki zimefufuliwa.

Msomaji, lishike neno hilo, "zimefufuliwa". Kitu hakifufuliwi ila kiwe kilikuwa kimekufa. Kanuni zile zilizaliwa mbele ya kamera, na zilifufuliwa mbele ya kamera. Zilikufa lini? Hazikufa siku moja, na ndiyo sababu kifo chao hakikupata ukurasa wa kwanza. Zilikufa kidogo kidogo: ukanda mmoja uliokatika usishonwe, abiria mmoja wa ziada aliyeketishwa juu ya kipande cha ubao, kidhibiti mwendo kimoja kilichofunguliwa usiku. Mambo hayo hayana siku wala saa, na gazeti limezoea kuandika kitu chenye siku na saa. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo palipo upungufu mkubwa wa habari za msako. Zinatufundisha kwamba usalama ni tukio la siku moja, hali usalama ni desturi ya kila siku. Na mtu aliyefundishwa kwamba usalama ni tukio huogopa wakati wa msako, akatulia msako upitapo.

Pana jambo jingine ambalo habari hizi hulifunika. Kwa mujibu wa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya katika kila mwaka, kutoka 2021 mpaka 2024. Ungedhani kwamba wengi wao walikuwa abiria wa matatu na mabasi, kwa kuwa hayo ndiyo magari tuyaonayo pichani. Sivyo. Kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu, na nyuma yao hufuata wapanda pikipiki. Mtu anayevuka barabara kuu akienda sokoni hakaguliwi na askari, wala hana tairi la kuinamiwa na mpiga picha. Kilichomuua labda ni mahali pasipo njia ya miguu, au pasipo taa, au pasipo kivuko. Upungufu huo haukamatwi katika msako, na kwa hiyo hauingii katika hesabu ya waliokamatwa. Habari ikirudia kila mara kwamba hatari ni dereva wa matatu peke yake, yule aliyepaswa kuijenga njia ya miguu hukaa ofisini mwake bila kuulizwa neno.

Sasa tazama ni nani asemaye katika habari hizo. Husema mkuu wa polisi. Husema waziri. Husema mwenyekiti wa wenye magari, akilalamika. Abiria hatajwi ila kwa neno "walikwama", kana kwamba naye ni mzigo mmoja katika mizigo. Lakini abiria ndiye aliyemo garini wakati askari hayupo, na yawezekana kwamba yeye ndiye mkaguzi aliye bora kuliko wote.

Maneno haya si ya kujipendekeza. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio hapa Kenya. Walizichagua matatu kwa kura, wakabandika ndani yake karatasi zenye maneno ya kumhimiza abiria amkemee dereva aendeshaye vibaya. Hapakuwa na askari wala faini. Katika jaribio la kwanza, walilolichapisha mwaka 2011, madai ya bima ya matatu zilizobandikwa karatasi hizo yalipungua kwa nusu au zaidi, zikilinganishwa na matatu zisizobandikwa. Jaribio la pili, lililokuwa kubwa zaidi na lililochapishwa mwaka 2015, lilipata upungufu wa robo mpaka theluthi. Mpango huo ulipewa jina la Kiswahili, nalo ni "Zusha". Neno moja lililobandikwa mbele ya macho ya abiria lilipunguza ajali. Ni mara ngapi umeona jambo hilo likiandikwa kando ya habari za msako?

Nimewalaumu sana waandishi wa habari, na haki yataka niwatetee kidogo. Mwandishi aliyetumwa barabarani hana siku tatu za kufuata kila kesi mahakamani. Mhariri wake ataka habari kabla ya jioni, na nafasi aliyopewa labda ni ya maneno 200. Askari naye aweza kukataa kumpa hesabu ya magari yaliyosimamishwa. Fauka ya hayo, habari ya msako, hata ikiwa pungufu, ina faida yake: dereva aliyeisoma asubuhi huenda akakaza nati za gurudumu lake kabla ya kutoka. Hayo yote ni kweli. Lakini maswali manne tuliyoyauliza hayahitaji siku tatu. Mangapi yalisimamishwa, yalichaguliwaje, yalikosa nini, na ya mwezi uliopita yaliishia wapi? Mtu aweza kuyauliza akiwa amesimama pale pale kando ya njia, na ikiwa hakujibiwa, aweza kuandika kwamba aliuliza asijibiwe. Hilo nalo ni habari.

Na tuiandike upya habari yetu ya mfano, kwa hesabu za kubuni kama zile za kwanza. "Polisi waliyasimamisha magari 400 ya abiria jana, bila kuchagua, kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kati ya hayo, 60 yalikuwa na makosa: 38 yalikosa vyeti au sare, 13 yalikuwa na tairi zilizolika, na 9 yalikuwa na vidhibiti mwendo vilivyochezewa. Magari 22 yenye hitilafu yalizuiliwa yasiendelee na safari. Abiria mmoja alisema kwamba dereva wao alikuwa akienda mbio tangu kituoni, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Katika msako wa mwezi Agosti madereva 45 walishtakiwa. 30 wamekwisha kutozwa faini, na kesi 15 hazijaamuliwa."

Habari hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa mistari michache tu. Haina ukali, haina kitisho, wala haina ahadi ya mkubwa yeyote. Lakini aliyeisoma amejua kwamba magari 22 katika 400 yalikuwa na hitilafu ya kuweza kumuua, kwamba tairi ni kitu cha kutazamwa, na kwamba kunyamaza garini ni sehemu ya hatari. Akifika kituoni ataliangalia gurudumu kabla ya kupanda, na ataujaribu ukanda kabla ya kulipa nauli.

Na wewe, msomaji, siku ya kufunga shule itafika. Utasimama kituoni na sanduku lako, makondakta wakikuita kutoka pande zote, na labda gazeti la siku hiyo litakuwa limetangaza kwamba magari mengi yamekamatwa. Usifurahi upesi kwamba wabaya wamekwisha kuondolewa barabarani, wala usiogope upesi kwamba yaliyobaki yote ni mabovu. Gazeti halikukuambia lolote kati ya hayo mawili. Litazame gari lililo mbele yako. Likiwa halina ukanda, shuka. Likienda mbio, sema, na useme kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, kwa maana katika gari lile kuna watu wazima walionyamaza wakingoja mtu wa kuanza.